Ukamilifu na Mizani ya Njia ya Tabora

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mkamilifu asiye na upungufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo twataka kulizingatia neno "kamili". Neno hili tumelipata katika Kiarabu, nasi twalitumia kwa njia mbili. Twasema fedha ni kamili, yaani haikupungua hata senti. Na twasema mtu ni kamili, yaani amesimama sawa katika dini na tabia. Msiba huingia pale tunapoipata maana ya kwanza tukadhani tumekwisha ipata na ya pili.

Tuitazame Tabora. Katika karne ya 19 mji huo, uliojulikana pia kwa jina la Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara. Njia moja ilielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine ilirudi pwani. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze mwezi wa Novemba. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yapata kilo 16. Kwa njia hiyo Kiswahili kilienea na Uislamu ukafika bara, nasi twashukuru. Lakini haki haifichwi: kwa njia hiyo hiyo wanaadamu walipelekwa kuuzwa, na miongoni mwa wauzaji walikuwamo waliosali kama tusalivyo sisi. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Frasila ilitimia, haki ya mtu ikapunguka.

Nayo aya ya kukamilika kwa dini iliteremka Arafa, mwaka wa 10 wa Hijra, katika Hija ile ile ambayo Mtume alitangaza kuwa damu na mali za watu ni vitu vitukufu. Basi dini kamili haitengani na haki za watu.

Enyi wanafunzi, mwenye kuhifadhi juzuu zote 30 kisha akamdhalilisha mwenziwe, hesabu yake imetimia, yeye bado. Enyi wenye nyumba, mtumishi asiyelipwa ujira wake ni upungufu wenu, ijapokuwa sala tano hazikuwapita.

Ukamilifu wote ni wa Mola. Letu sisi ni kuupunguza upungufu wetu kila siku. Ewe Mola, tusamehe, na utujaalie kuwatimizia watu haki zao. Amin.