Wanawake wa Soko la Nyangwe

Mwaka jana wasichana ninaowafundisha waliniomba mchezo wa kuonyesha mbele ya watu siku ya sikukuu. Hawakutaka tena hadithi ya sungura na fisi. Walitaka habari za wanawake wanaopotea, kwa kuwa huku kwetu Kasongo na Kabambare ni nyumba nyingi zenye bibi, shangazi au dada aliyetoka asubuhi asirudi. Nikawajibu: Kama ni hivyo, tuanze na Nyangwe.

Nyangwe iko ukingoni mwa mto Lualaba, kama kilometa 60 kutoka Kasongo. Mwaka 1871 palikuwa na soko kubwa. Waliletwa samaki na kuku, chumvi, mafuta ya mawese, vyungu, na viramba, yaani zile nguo za nyuzi za mwale. Wauzaji wengi walikuwa wanawake, na wengi wao walivuka mto kwa mitumbwi. Tena palikuwa na desturi njema: hata watemi wakigombana, mwanamke mwenye kikapu chake alipita kati ya adui asiguswe. Desturi hiyo ndiyo iliyowaleta tarehe 15 Julai, ingawa siku ile vijiji vya ng'ambo vilikuwa vikiwaka moto, maana Tagamoio na watu wake walikuwa wakivichoma. Walikuja watu kama 1,500.

Dr. Livingstone, aliyekuwa akikaa Nyangwe tangu mwisho wa Machi, aliwaona watu watatu wa mfanya biashara Dugumbe wakiingia sokoni na bunduki. Akashangaa, maana si kawaida kubeba bunduki sokoni. Mmoja akabishana juu ya bei ya kuku. Mara risasi zikalia, kisha nyingine zikatoka upande wa mitumbwi. Watu wakatupa vitu vyao wakakimbilia mtoni. Mitumbwi ilikuwa imebanana katika hori nyembamba, haikuweza kutoka yote. Basi wanawake wakajitupa majini, wakaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali zaidi ya kilometa moja na nusu, na mkondo ukiwasukuma mabegani. Livingstone aliona vichwa vyao vimepangana juu ya maji, halafu kimoja kimoja vikazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Dugumbe alitia watu katika mtumbwi mmoja ulioachwa, wakaokoa 21. Mwanamke mmoja alikataa kupanda. Alidhani anakwenda kufanywa mtumwa, akaona heri mto. Akaendelea kuogelea, na habari zake zikaishia hapo.

Msichana aliyepewa sehemu ya mwanamke huyo aliniuliza: Mwalimu, alifika? Nilimjibu kama Livingstone alivyoandika, kwamba wanawake wa Kigenya ni mabingwa wa maji, wamezoea kuzamia chaza, na waliofuata mkondo huenda waliokoka. Akauliza tena: Na jina lake nani? Hapo sikuwa na jibu. Basi akampa jina la bibi yake.

Nami nilikosea jambo moja, na si vizuri kulificha. Katika mazoezi ya kwanza niliwavika wauaji kanzu na kofia. Mzee mmoja Mwislamu, jirani yangu, alikuja akatazama, akanivuta kando. Akasema: Mwalimu, bibi wa babu yangu alinunuliwa. Je, mimi ni mtoto wa bunduki au mtoto wa kikapu? Niliona haya. Ni kweli kwamba katika misafara ile walioshika bunduki wengi walikuwa watu wa bara, tena watumwa. Kanzu zikarudi sandukuni.

Tippu Tip, aliyekuja kukaa Kasongo miaka michache baadaye, alijua vema thamani ya mwanamke aliyepotea. Katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, asimulia alivyofika Utetera kwa mtemi mzee, Kasongo Rushie. Zamani dada wawili wa mtemi, Daramumba na Kitoto, walitekwa vitani wakapotelea Urua. Tippu Tip akajitokeza kuwa mjukuu wa Daramumba. Mzee akafurahi mno, akamwachia utawala. Wengi waona ilikuwa hila, nami naona hivyo. Huo nao ulikuwa mchezo, na mchezaji wake alilipwa vizuri. Majina ya dada wale tunayo kwa sababu yalimfaa mtu.

Ya Nyangwe Livingstone aliyaandika kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya mmea, juu ya karatasi za gazeti la zamani, kwa kuwa daftari zilimwishia. Maandishi yakafifia. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma tena kwa mianga ya namna nyingi, wakaona kwamba kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1874 hakikufuatana nayo kila mahali. Barua zake zilifika Uingereza mwaka 1872, zikawachoma watu moyo, na Juni 1873 Sultani Barghash akafunga soko la watumwa la Unguja. Huku kwetu bunduki hazikunyamaza. Nyangwe na Kasongo zilitekwa na jeshi la Wabelgiji mwaka 1893, na baada ya hapo, katika sehemu nyingi za Kongo, wanawake walifungwa rehani mpaka waume zao walete mpira.

Siku ya mchezo, msichana wetu aliogelea kwa mikono akapita katikati ya watu, akatokea nyuma yao, akaenda zake. Watu waligeuka kumtazama. Jioni ile mama mmoja alinifuata nyumbani. Aliomba nimwandikie jina la dada yake, aliyechukuliwa njiani kutoka shambani mwaka 1998. Nililiandika katika daftari la mchezo. Kesho yake walikuja wengine wawili.