Hewa Iliyotupwa: Historia ya Kugandisha Chakula kwa Naitrojeni

Tangu merikebu ya matanga iitwayo Dunedin ilipong'oa nanga katika bandari ya Port Chalmers, nchini New Zealand, mwezi wa Februari 1882, ikiwa imesheheni nyama ya kondoo iliyogandishwa, na kuwasili London mwezi wa Mei na shehena yake ingali njema, watu wa tijara hawakuwa tena na shaka kwamba baridi yaweza kukihifadhi chakula hata kikavuka bahari kuu. Jambo lililosalia kuwashughulisha wataalamu, nalo liliwashughulisha miaka mingi, ni kasi. Kwa maana nyama ikigandishwa polepole, maji yaliyomo ndani yake, ambayo mengi hugeuka barafu baina ya nyuzi moja na nyuzi tano chini ya sifuri, hupata nafasi ya kujikusanya yakawa chembe kubwa zenye ncha, zikazipasua kuta za seli. Na siku mpishi anapoiyeyusha, maji mekundu huchuruzika siniani na utamu ukaondoka pamoja nayo. Ikigandishwa upesi, chembe huwa nyingi na ndogo mno, na seli husalimika.

Aliyewafunza Wamarekani somo hilo ni Clarence Birdseye, ambaye alipoishi Labrador kati ya 1912 na 1915 aliwaona wenyeji Wainuiti wakiwavua samaki katika upepo wa baridi kali, samaki wakaganda papo hapo, na walipopikwa baada ya miezi kadhaa wakawa hawana tofauti na samaki wabichi. Aliporejea kwao alitengeneza mashine ya kukibana chakula baina ya vyuma viwili vilivyopozwa. Mwaka 1929 kampuni yake ikauzwa kwa dola milioni 22, na Machi 1930 maduka ya Springfield, Massachusetts, yakaanza kuuza vyakula vyake. Hata hivyo mashine za namna hiyo, na zile za kupuliza upepo zilizoenea viwandani, aghalabu hazikupita nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi iliyo kali mno kuliko hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana kwingineko, ila wenye chakula hawakuwa wameifikiria.

Ilipatikana mikononi mwa watu waliotaka kujua kama hewa tuivutayo yaweza kugeuzwa kimiminika. Desemba 1877 Louis Paul Cailletet, Mfaransa, na Raoul Pictet, wa Geneva, kila mmoja kwa njia yake, waliona ukungu na matone ya oksijeni yaliyotoweka mara. Miaka michache baadaye, mwaka 1883, Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski wa Kraków waliipata oksijeni, na baada yake naitrojeni, ikiwa imetulia ndani ya chombo, ikichemka mbele ya macho yao. Hayo yalikuwa mambo ya maabara, na pengine yangalibaki humo, lau si Carl von Linde, mhandisi wa Kijerumani aliyekwisha kujipatia jina kwa kuviuzia viwanda vya bia mitambo ya baridi. Mwezi wa Mei 1895, mjini Munich, Linde aliishindilia hewa kwa nguvu nyingi, akaiachia ghafla ipenye tundu jembamba, ikatanuka na kupoa, kama wanafizikia Joule na Thomson walivyokwisha kuonyesha. Kisha, na hapa ndipo ulipo ubora wa akili yake, hakuiacha hewa ile iliyopoa iende zake, bali aliirudisha ipite ubavuni mwa bomba liletalo hewa mpya, ipate kuipoza kabla haijafika tunduni, hata kila duru ikawa baridi kuliko iliyotangulia, mpaka hewa yenyewe ikaanza kudondoka. Na kwa kuwa naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ilhali oksijeni huchemka kwenye nyuzi 183, tofauti hiyo ndogo ilimtosha kuzitenga mbili hizo katika mnara alioujenga mwaka 1902.

Chombo cha kuvihifadhi vimiminika hivyo kilikuwa tayari. James Dewar alikitengeneza London mwaka 1892: chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, na baina yake hewa yote imeondolewa. Ndiyo asili ya chupa ya chai isiyokosekana leo katika nyumba ya Mswahili anapofika mgeni, na ndiyo asili ya matangi makubwa yasimamayo nje ya viwanda yakiwa na naitrojeni. Kwetu Afrika ya Mashariki wanaoijua zaidi naitrojeni hiyo ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa katika mitungi ya jamaa ya Dewar ndimo zinamohifadhiwa mbegu za madume zitokazo vituo kama vya Kabete na Usa River.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo waandishi wengi wa historia ya baridi hulipita mbio, nami naliona kuwa kiini cha habari yote. Watu waliojenga minara ya kuigawa hewa waliitaka zaidi oksijeni: waliitaka mafundi wa kuunga vyuma, waliitaka mahospitali, na Novemba 1952 waliitaka pia wafua pua wa Linz, nchini Austria, walipoanza kukipulizia chuma kilichoyeyuka oksijeni tupu badala ya hewa, njia iliyokuja kuenea duniani kote, na katika miaka iyo hiyo roketi nazo zilikuwa zikiinywa kwa matangi. Lakini katika kila sehemu mia za hewa, sehemu 78 ni naitrojeni na 21 tu ni oksijeni, na kwa uzito kila tani moja ya oksijeni hufuatana na zaidi ya tani tatu za naitrojeni. Viwanda vya mbolea vilikuwa na haja nayo, naam, lakini kwingi ilirudishwa angani kama kitu kisicho na thamani. Hivyo wenye mitambo, hasa Marekani, wakajikuta na mali tele isiyo na mnunuzi, na katika kumtafuta mnunuzi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakawaendea wenye viwanda vya chakula. Basi mashine ya kugandisha kwa naitrojeni haikuzaliwa kwa kuwa wapishi waliililia. Ilizaliwa na wingi wa kitu kilichotupwa.

Njia iliyo rahisi ya kuitumia naitrojeni ni kukichovya chakula ndani ya kimiminika, na wako wafanyao hivyo hata leo. Ina kasoro mbili. Kipande kikubwa kikiingia ghafla katika nyuzi 196 chini ya sifuri, ngozi yake huganda na kukaza kabla ya kiini, na kiini kinapotanuka kwa kuganda, kipande hupasuka. La pili ni la hesabu: naitrojeni inapochemka hutoa takriban nusu tu ya baridi yake, na nusu ya pili husalia katika moshi wake, ambao ukiachwa upae ni hasara. Ndipo wahandisi wakatengeneza sanduku refu la chuma cha pua, lililofumbatwa kwa vizuia joto, na mkanda wa matundu ukipita ndani yake. Mfuate kamba mmoja aliyemenywa. Anapowekwa mkandani hakutani kwanza na kimiminika, bali na moshi wake, unaosukumwa na mapangaboi kutoka ndani kuja mlangoni, kinyume cha mwendo wake, akakaza ngozi. Kisha hufika chini ya mirija inyunyizayo, ambapo matone humwangukia yakarukaruka mgongoni mwake na kuchemka mara moja. Halafu hupita sehemu ya mwisho, ambako hanyunyiziwi kitu, ili baridi ya nje na joto la ndani vipatane. Hutoka baada ya dakika chache, ametengana na wenzake, mgumu mithili ya kokoto. Na msomaji atakuwa ametambua kwamba ile hila ya kuirudisha baridi itokayo ikutane na kitu kiingiacho ndiyo hila ya Linde, imehama kutoka bombani hadi mkandani.

Gharama yake si ndogo. Amonia katika mtambo wa kawaida huzunguka ndani ya mabomba mwaka nenda mwaka rudi, ilhali naitrojeni ikinyunyizwa imekwenda, na kilo moja ya chakula hula kilo moja au moja na nusu ya naitrojeni. Wanaoilipia huangalia mizani: katika upepo mrefu wa mashine za kawaida chakula hukauka na kupungua uzito kwa asilimia kadhaa, na katika naitrojeni aghalabu hakipungui hata asilimia moja. Kwa kamba na matunda laini ya bei kubwa, tofauti hiyo hulipa tangi. Mshindani mmoja, kemikali ya kupozea iitwayo Freon, ambayo serikali ya Marekani iliiruhusu mwaka 1967 kugandishia chakula kwa kugusana nacho, ilitoweka baada ya ulimwengu kung'amua madhara yake kwa ozoni na kutia saini Mkataba wa Montreal mwaka 1987. Naitrojeni haikuwa na lawama hiyo, kwa kuwa ilitoka hewani na hewani hurudi.

Ila ina lawama nyingine. Daniel Rutherford wa Edinburgh, aliyeitambua mwaka 1772, aliijua kwanza kwa kuwa panya hakuweza kuishi ndani yake. Haina rangi, haina harufu, haikeri koo. Huiondoa oksijeni tu, na mtu huanguka bila kuonywa. Tarehe 28 Januari 2021, katika kiwanda cha kuku huko Gainesville, jimbo la Georgia, mrija wa kupimia kina cha kimiminika katika mashine ya kuchovyea ulikuwa umepinda, mashine ikadhani haijajaa, na naitrojeni ikafurika sakafuni. Mafundi wawili waliokuwa wakiishughulikia walifariki, kisha wakafariki wanne miongoni mwa wenzao waliokwenda kuwatazama au kuwaokoa. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba chumba kile hakikuwa na kifaa cha kupima hewa na kupiga kengele oksijeni inapopungua, na ikaitaka serikali ya Marekani iweke kanuni mahususi juu ya vimiminika vya baridi kali viwezavyo kuwanyima watu pumzi. Viwanda vilikuwa vimeitumia naitrojeni karibu miaka sitini, na ushauri huo, kwa maoni yangu, ulistahili kutolewa na kufuatwa mwaka ule ule lilipofunguliwa tangi la kwanza.