Besi Ikiachwa Peke Yake Jukwaani

Katika bendi za dansi za Afrika Mashariki, solo ni jina la gitaa. Mwulize mwanamuziki yeyote mkongwe wa Nairobi au Dar es Salaam bendi yake ilikuwa na nani, atakuhesabia: fulani alipiga solo, fulani rithimu, fulani besi. Mwenye solo alisimama mbele karibu na waimbaji, akatunzwa noti usoni. Mwenye besi alikaa nyuma na mpiga ngoma, na wengi tuliucheza muziki wake miaka nenda miaka rudi bila kulijua jina lake.

Ndiyo maana maneno “solo ya besi” hukwaruza sikio kidogo yakitamkwa kwa Kiswahili. Kwa wapenzi wa hevi metali, hata hivyo, ni desturi ya zaidi ya miaka 50. Katikati ya tamasha taa zinafifia, mwimbaji anatoka, magitaa yananyamaza, na jukwaani anabaki mtu mmoja na nyuzi nne nene. Kwa dakika tatu, nne, pengine zaidi, maelfu ya watu wanasikiliza peke yake kile kilichokuwa kikiwatikisa tangu jioni bila wao kukitambua.

Nilikulia Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, mahali ambapo muziki wa gitaa ulitufikia kwa redio ya betri yenye spika isiyozidi kiganja. Uzi mnene kuliko zote katika gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake la sauti lina urefu wa zaidi ya mita 8. Spika ndogo namna ile haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kuitoa sauti hiyo. Tulichopata ni kivuli chake: sikio hupokea sauti nyembamba zinazoandamana na ile nzito, kisha akili hujazia iliyokosekana. Kwa hiyo nyimbo za benga tulizijua kwa moyo, maneno yake na solo yake, wala hatukujua kwamba chini yake kuna mtu anayezungumza. Besi niliisikia kwa mara ya kwanza Lodwar, nikiwa mwanafunzi, kwenye mtambo wa sauti uliokuwa ukiendeshwa na jenereta. Ilinigonga kifuani kabla haijafika masikioni. Niligeuka kutazama barabarani nikidhani lori linapita.

Gitaa la besi la umeme lenyewe si la kale. Leo Fender, fundi wa California, alilitoa mwaka 1951 akaliita Precision, kwa kuwa vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni mwake vilimwezesha mpigaji kuipata noti bila kubahatisha. Kabla ya hapo besi ilikuwa lile zeze kubwa la kusimamisha, refu kuliko mtu, ambalo sauti yake ilizama mara tu tarumbeta zilipoanza. Chombo kipya kiliendelea na kazi ileile ya kushika mwendo na kukaa chini, hadi mwaka 1965, John Entwistle wa kundi la The Who alipoachiwa nafasi ya kupiga peke yake katika “My Generation”. Zilikuwa sekunde chache tu, lakini zilipigwa redioni.

Kisha wakaja vijana wanne wa Birmingham, mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Tony Iommi alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili kwenye mashine kiwandani. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akawa anazilegeza nyuzi ili zisimtese, gitaa lake likashuka na kuwa zito. Geezer Butler, aliyekuwa mpiga rithimu kabla ya kushika besi, akamfuata hukohuko chini. Katika albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka tarehe 13 Februari 1970, wimbo “N.I.B.” unafunguliwa na Butler peke yake, besi ikipita kwenye kanyagio la wawa linaloifanya ilie kama mtu anayefumbua na kufumba mdomo. Walipopanda jukwaani kwa mara ya mwisho, tarehe 5 Julai 2025 katika uwanja wa Villa Park mjini kwao, walipiga nyimbo nne tu, na huo ulikuwa mmoja wao.

Hapa kuna jambo ambalo mgeni wa metali halitarajii. Muziki huu unaosifiwa kwa uzito humficha mpiga besi kuliko muziki mwingine wowote ninaoufahamu. Magitaa yakishalegezwa na kukwaruzwa na umeme hukalia kiti cha besi, na besi nayo mara nyingi hupiga mkarara uleule wa gitaa, noti kwa noti. Ukiitoa, wimbo unapwaya kama nguo ya mtu mwingine. Ukiirudisha, huioni iko wapi. Solo ya besi, kwa maoni yangu, ilizaliwa kutokana na deni hilo. Sababu za kikazi zipo pia, wala si ndogo: mwimbaji anayenguruma saa moja na nusu anahitaji kunywa maji, mpiga ngoma anahitaji kupumzisha mikono, mpiga gitaa anabadilisha gitaa lililokazwa vingine, mafundi wanapata nafasi ya kurekebisha waya. Lakini mapumziko ya mwimbaji yangeweza kujazwa kwa lolote. Mashabiki walidai ajitokeze yule aliyefichwa.

Aliyewafanya wadai hivyo ni Cliff Burton. Mwaka 1982 James Hetfield na Lars Ulrich, waliokuwa ndio kwanza wameiunda Metallica, waliingia klabu ya Whisky a Go Go mjini Los Angeles, wakasikia solo kali ikipigwa. Wakamtafuta mpiga gitaa jukwaani kwa macho wasimwone. Solo ile ilikuwa ikitoka kwenye besi ya kijana wa miaka 20 wa bendi iliyoitwa Trauma. Wakamtaka. Burton akawaambia hahamii Los Angeles. Wakimtaka, waende wao kwao, pande za San Francisco. Bendi nzima ikafunga virago. Sijui kisa kingine cha bendi ya roki kuhama mji kwa ajili ya mpiga besi.

Burton alikuwa amejifunza piano utotoni, alimpenda Bach, na alisikiliza Black Sabbath. Vyote hivyo vimo katika “(Anesthesia) – Pulling Teeth”, solo yake iliyowekwa katika albamu Kill ’Em All ya Julai 1983. Inaanza polepole, noti zikipandana kama mtu anayepanda ngazi za kanisa usiku, kisha inakwaruzwa na kupindwa hadi usijue tena ni chombo gani. Ngoma zinaingia baadaye kabisa, besi ikiwa imekwisha kushika usukani. Jukwaani aliibadilisha alivyotaka, kichwa kikiyumba, nywele zikifunika nyuzi, vidole vitupu bila kipande cha plastiki. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1986 Metallica walipiga Stockholm. Alfajiri iliyofuata basi lao lilipinduka kusini mwa Sweden, na Burton akafa. Alikuwa na miaka 24.

Albamu iliyofuata, …And Justice for All ya mwaka 1988, ilichanganywa hivi kwamba besi ya Jason Newsted, aliyemrithi, karibu haisikiki kabisa. Mashabiki wamelilalamikia jambo hilo hadi leo. Mimi huisikiliza kama msiba: sahani nzima yenye pengo mahali ambapo mtu alikuwa akisimama.

Wako waliochukua njia ya kasi. Joey DeMaio wa Manowar aliugeuza ule muziki wa nyuki wa Rimsky-Korsakov kuwa onyesho la besi mwaka 1988, na vidole vyake ni vya kustaajabisha, ingawa mimi hubaki nikihesabu noti badala ya kuzihisi. Wengine waliitumia nafasi hiyo kwa upole zaidi. Robert Trujillo, mpiga besi wa Metallica tangu 2003, katika ziara moja alikuwa akiingia na mpiga gitaa Kirk Hammett kati ya nyimbo na kupiga wimbo wa wenyeji wa mji husika. Prague, mwaka 2018, walipiga “Jožin z bažin”, wimbo wa kuchekesha ambao kila Mcheki anaujua, na ukumbi mzima ukawaimbia.

Kwetu, besi haikuwahi kudai sana. Benga ilitoka kwenye nyatiti ya Wajaluo, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga ukingoni. Mkono unaimba, mguu unajibu. Bendi zilipopata umeme, kama Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani iliyoanza mwaka 1967, mazungumzo hayo yalihamia kwenye magitaa. Besi ya benga haikai mahali pamoja. Inaruka, inanyamaza pale ulipoitegemea, inarudi na kumkata kauli mwenye solo. Kwa Wakongo waliojaza kumbi za Nairobi ilikuwa hivyo pia: sebene, ile sehemu ya magitaa, ikifunguka, waimbaji wanaacha maneno, na mpiga besi kama Decca wa TPOK Jazz ya Franco anakuwa ndiye anayewaelekeza wachezaji wapi waweke kiuno. Hakuna anayenyamaza ili asikike. Mwambie mpenzi wa benga kwamba kuna watu hukata tiketi wakingojea besi iachwe peke yake, atakuuliza: kwani muda wote huo ilikuwa wapi?

Metali yenyewe imefika Nairobi. Parking Lot Grass, Last Year’s Tragedy na Seeds of Datura ni majina yaliyojenga jukwaa hilo katika mji ambao redio zake hazikuwa na haja nao. Botswana, ambako wapenzi wa metali hutembea na ngozi na kofia za wachunga ng’ombe, kundi la Overthrust linaongozwa na mtu anayeimba huku akipiga besi, na mwaka 2016 lilifika tamasha la Wacken nchini Ujerumani. Lakini bendi ya Kenya iliyosikika mbali zaidi ni Duma, jina ambalo kwa Kikuyu lina maana ya giza. Martin Khanja na Sam Karugu walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na hawakuwa na mpiga besi kabisa. Uzito wote ulitoka kwenye mashine, mshindo juu ya mshindo, kasi ya kukatisha pumzi.

Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024, akamuenzi humo Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023, ambaye ni nyanya katika ukoo wake. Niliposoma habari hiyo nilisimama. Gereza la Lokitaung, lile tulilopita tukienda kuchota maji, ndiko walikofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung’u Karumba kwa kosa la kuiongoza Mau Mau, baada ya kesi ya Kapenguria iliyoamuliwa mwaka 1953. Waruhiu Itote, Jenerali China, alipelekwa hukohuko, na Kenyatta akamfundisha Kiingereza. Serikali ya kikoloni ilipachagua kwa kuwa ni mbali, mawe na jua, sauti ya mtu isifike popote. Miaka 70 baadaye mtoto wa ukoo wa Mau Mau anaipigia kelele vita ile kwenye kumbi za Ulaya, kwa spika ambazo Lokitaung haijawahi kuziona.

Spika hizo zinataka umeme, na ukosefu wake ndio uliotunyima matamasha ya namna hiyo. Lodwar yenyewe ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Ng’ambo ya Ziwa Turkana, katika Marsabit, ipo mitambo 365 ya upepo, na nishati yake husafirishwa kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa. Ukitaka kusikia gitaa la besi likipigwa na mtu mbele yako katika Turkana, mahali pa uhakika ni Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Makanisa ya Wakongo humo yana kwaya, kinanda na magitaa. Jumapili, sifa zikipamba moto, utawasikia wapiga besi vijana wanaoijua sebene kuliko wengi wa Nairobi, na mchungaji huwaacha waendelee.

Huku kwetu Waturkana, muziki mkubwa ni edonga. Hatuna desturi ya ngoma ya kuwambwa. Kiongozi anaimba juu ya fahali wake, rangi yake na pembe zake, mikono ameinua ikipinda kama pembe hizo. Wenzake wanamwitikia kwa sauti za chini, makofi yanaingia, wasichana wanasogea. Kisha vijana wanaruka pamoja na kutua pamoja. Hufika wakati maneno yanakwisha, hata mvumo wa koo unakwisha, inabaki miguu tu, na hakuna anayeharakisha kuimba tena.

Tulipokuwa wadogo tulilala chini, juu ya ngozi. Edonga ikichezwa mbali, upande wa korongo, sauti za waimbaji zilikuja na kupotea na upepo. Mshindo ulipita ardhini ukatufikia mbavuni, nasi tulijua gizani, kwa uzito wake tu, kama waliokusanyika usiku ule ni wengi au wachache.