Kocha wa Muda Aliyeikuta St. Louis Blues Ikiyumba, Akaipa Kombe

Asubuhi ya Januari 3, 2019, ukifungua msimamo wa NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, St. Louis Blues unaikuta mkiani kabisa, ya 31 kati ya timu 31. Juni 12 mwaka huohuo ikabeba Kombe la Stanley. Ilikuwaje?

Kwanza ujue timu haikuwa mbovu kwenye makaratasi. Kabla ya msimu ilikuwa imemleta kiungo Ryan O'Reilly kutoka Buffalo, pamoja na David Perron, Tyler Bozak na Pat Maroon, mzaliwa wa St. Louis. Mashabiki walitegemea makubwa. Lakini mechi 19 za mwanzo zikaleta ushindi mara 7 tu, na Novemba 19, 2018 kocha Mike Yeo akafukuzwa.

Nafasi yake akapewa msaidizi wake, Craig Berube, tena kwa muda tu. Berube si mtu wa maneno mengi. Enzi zake alicheza zaidi ya mechi 1,000 za NHL na alijulikana zaidi kwa ngumi kuliko mabao.

Usidhani mambo yalinyooka siku ileile. Desemba wachezaji wawili, Robert Bortuzzo na Zach Sanford, walizichapa wenyewe kwa wenyewe mazoezini! Ndiyo maana mwaka mpya uliwakuta mkiani, na pointi 34 katika mechi 37.

Kilichobadilika kwanza ni golini. Jordan Binnington alianza msimu akiwa kipa wa nne klabuni. Msimu mmoja kabla, klabu ilikuwa imemtoa kwa mkopo kwenye timu ya ligi ya chini iliyo chini ya Boston Bruins (hilo jina likumbuke). Januari 7 akaanza mechi yake ya kwanza NHL dhidi ya Philadelphia, Blues ikashinda 3-0. Baada ya hapo hakutoka tena: mechi 30 alizoanza, alishinda 24.

Timu nayo ikabadilika. Berube aliitaka icheze moja kwa moja: sukuma kisahani mbele, kimbiza, mbane beki wa mpinzani ukutani mpaka achoke. Si hoki ya kupendeza macho sana, ila inachosha kucheza nayo. Ukaja ushindi wa mechi 11 mfululizo, rekodi ya klabu. Mwisho wa msimu wa kawaida walikuwa na pointi 99.

Kwenye mtoano wakaitoa Winnipeg, kisha Dallas kwa bao la Maroon katika muda wa nyongeza wa pili, mechi ya saba, mbele ya watu wa nyumbani kwao. Dhidi ya San Jose, mechi ya tatu, walifungwa kwa bao lililotokana na pasi ya mkono ambayo waamuzi hawakuiona. Hapo ndipo timu nyingi hupoteza kichwa. Blues wakashinda tatu zilizofuata.

Fainali ikawa na nani? Boston Bruins, haohao, waliowafunga Blues katika fainali ya 1970. Ikaenda mpaka mechi ya saba, kule Boston. Kipindi cha kwanza wenyeji walishambulia kama nyuki, lakini Binnington akazuia kila kitu, na Blues wakaenda mapumziko wakiongoza 2-0. Mwisho ukawa 4-1. Bao la nne alifunga nani? Sanford, yule wa ngumi za mazoezini.

Lilikuwa kombe la kwanza kwa klabu iliyoanza kucheza mwaka 1967. O'Reilly akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano.

Na Berube? Alilibeba kombe akiwa bado kocha wa muda. Mkataba wa kudumu, wa miaka mitatu, aliupata baadaye mwezi huo. Desemba 2023 Blues nao wakamfukuza, na Mei 2024 akachukuliwa na Toronto Maple Leafs.