Rubani na Ndege Yake: Funzo la Vita vya Angani Afrika Mashariki, 1940–1941

Wanahistoria wa vita vya angani wamebishana kwa miaka mingi juu ya kinacholeta ushindi, ndege au mtu anayeirusha. Mifano wanayoitumia hutoka Ulaya, hasa mapigano ya mwaka 1940 juu ya Uingereza. Msomaji wa Eldoret hana haja ya kwenda huko kutafuta ushahidi. Kati ya Juni 1940 na Novemba 1941, anga ya kuanzia Wajir hadi Gondar ilishuhudia vita ambamo ndege za kizamani na za kisasa, marubani waliobobea na wanagenzi, walikutana mara kwa mara. Ushahidi wa vita hivyo unaonyesha kwamba ndege bora humpa rubani uhuru wa kuchagua lini aanze pambano na lini aliache, na kwamba uzoefu ndio unaomwezesha kuutumia uhuru huo. Lakini uzoefu wenyewe haumtegemei mtu mmoja. Hukuzwa na kulindwa na jeshi, na upande ulioshindwa kufanya hivyo ndio ulioishiwa nguvu.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na siku tatu baadaye ndege zake aina ya Caproni Ca.133 zikaishambulia Wajir. Ulinzi wa anga ya Kenya ulitegemea sana vikosi vya Afrika Kusini, ambavyo baadhi yake vilikuwa bado na Hawker Fury, ndege ya mabawa mawili yaliyopandana, iliyobuniwa kabla ya miaka ya 1930 kushika kasi na iliyobeba bunduki mbili tu za rashasha. Nchi yenyewe iliongeza ugumu. Viwanja vya nyanda za juu, kama Nairobi na Nanyuki, vina hewa nyepesi. Katika mwinuko wa Eldoret, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza sehemu ya nguvu zake, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Sifa za ndege zilizoandikwa kiwandani Uingereza au Italia zilibadilika zilipofika huku, na rubani aliyeijua ndege yake kwa kuirusha mahali hapahapa alikuwa na faida ambayo hakuna kitabu kingempa.

Uzito wa uzoefu unapimika vizuri pale ndege zinapokaribiana kwa ubora. Tarehe 6 Novemba 1940, Brigedia William Slim alishambulia ngome ya Gallabat, mpakani mwa Sudan na Uhabeshi. Juu yake Gladiator za Uingereza na Afrika Kusini zilikutana na Fiat CR.42 za Italia. Zote zilikuwa za mabawa mawili. CR.42 ilizidi kidogo kwa kasi, ikifikia kama kilomita 430 kwa saa, ilhali Gladiator ilikuwa na bunduki nne dhidi ya mbili nzito za Mwitaliano. Tofauti hiyo haitoshi kueleza kilichotokea. Gladiator zilipelekwa moja moja na mbili mbili, zikakutana na marubani waliopigana pamoja na kuanza shambulio kutoka juu, na kadhaa zikadunguliwa. Meja Schalk van Schalkwyk, kamanda wa Kikosi cha 1 cha Afrika Kusini, alipoteza maisha. Katika safu za Waitaliano wa eneo hilo alikuwamo Mario Visintini, aliyewahi kupigana Hispania na ambaye angehesabiwa miongoni mwa marubani hodari kuliko wote waliorusha ndege za mabawa mawili katika vita hivyo. Walioshinda siku ile walijua mapema wapi pa kuwa, na waliobaki chini yao walilazimika kufuata mchezo wa wenzao.

Mizani iligeuka Hurricane zilipowasili mwishoni mwa 1940. Hii ilikuwa ndege ya bawa moja, yenye bunduki nane na kasi ya zaidi ya kilomita 500 kwa saa. CR.42 iliweza kujipinda katika duara dogo kuliko Hurricane, lakini mwenye kasi hakulazimika kuingia katika duara hilo. Alishuka kutoka juu, akafyatua, akapita, na mwenye ndege ya polepole hakuwa na njia ya kumfuata. John Frost wa Kikosi cha 3 cha Afrika Kusini aliutumia mwanya huo tarehe 3 Februari 1941, alipodungua Caproni tatu na CR.42 moja katika safari moja ya vita. Wiki tatu baadaye majeshi yaliyotoka Kenya yalikuwa Mogadishu.

Hapa anajitokeza mpinzani wa hoja ya uzoefu na kusema kwamba mashine ndiyo iliyoamua: Waitaliano wale wale walioshinda Novemba walikuwa wanashindwa Februari, na kilichobadilika ni ndege ya adui tu. Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake ni kweli. Tofauti ya kasi ikizidi kiasi fulani, ujuzi wa mwenye ndege dhaifu humsaidia kunusurika, haumpi ushindi. Lakini Hurricane hiyo hiyo ilipelekwa Ugiriki, na huko ikatoa jibu jingine. Roald Dahl, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Shell Dar es Salaam, alijifunza kuruka Nairobi mwishoni mwa 1939 kwa ndege ndogo ya Tiger Moth. Alipofika Ugiriki Aprili 1941 alikuwa na saa chache mno za kuirusha Hurricane na hakuwa amefunzwa mapigano ya angani. Alinusurika, lakini wengi wa kundi alilojifunza nalo Nairobi waliuawa vitani. Mashine nzuri mikononi mwa mwanagenzi ni kama viatu vya kisasa vya mbio kwa mtu asiyewahi kufanya mazoezi na wanariadha wa Kaptagat: vitampunguzia dakika, havitampa mwili wa kumaliza mbio.

Mpinzani anaweza kugeuka na kutaja kisa cha Pat Pattle. Huyu alizaliwa Afrika Kusini, na wengi humhesabu kuwa rubani aliyedungua ndege nyingi kuliko wote katika majeshi ya anga ya Uingereza. Aliuawa juu ya Athens tarehe 20 Aprili 1941, akiwa mgonjwa mwenye homa, upande wake ukiwa na Hurricane chache dhidi ya kundi kubwa la Wajerumani. Frost naye alipotea jangwani Afrika Kaskazini tarehe 16 Juni 1942, akirusha Tomahawk dhidi ya Messerschmitt zilizoizidi. Basi uzoefu haukuwaokoa. Ni kweli, na vifo hivi vinatuonya tusimfanye rubani kuwa shujaa wa hadithi. Hata hivyo, jeshi likimrusha rubani wake bora akiwa mgonjwa, bila wenzake wa kutosha, limeufuja uzoefu huo kama linavyoweza kufuja petroli. Kushindwa huko ni kwa utaratibu uliomtuma.

Tukio la Diredawa, Uhabeshi, la tarehe 15 Machi 1941 linaonyesha kinyume chake. Frost alikuwa akishambulia uwanja wa ndege wa Waitaliano, ndege yake ikapigwa kutoka ardhini, akatua kwa dharura karibu na adui. Luteni Robert Kershaw alitua kando yake. Hurricane ina kiti kimoja, hivyo Frost aliketi mapajani mwa Kershaw, akashika usukani na kukanyaga vikanyagio, huku Kershaw akishughulikia magurudumu na vibawa vya kupaa. Wakaruka hivyo hadi uwanja wao. Kershaw alitunukiwa nishani ya DSO. Ushujaa wake ni dhahiri, lakini kuna hesabu pia ndani yake. Hurricane nyingine ingeweza kuletwa, ila Frost mwingine hakuwa ghalani.

Waitaliano hawakuwa na nafasi ya kufanya hesabu kama hiyo. Njia ya Suez ilikuwa imefungwa kwao. CR.42 za kujazia pengo zilifunguliwa vipande na kuletwa ndani ya ndege kubwa za uchukuzi aina ya SM.82, na kila rubani aliyekufa aliondoka na ujuzi wake. Visintini mwenyewe alikufa tarehe 11 Februari 1941 alipogonga mlima Eritrea katika hali mbaya ya hewa, akimtafuta mwenzake. Tarehe 24 Oktoba 1941, karibu na Gondar, CR.42 ya mwisho kudunguliwa angani huko iliangushwa na Gladiator ya Afrika Kusini. Ndege zilikuwa zile zile za Gallabat, lakini Waitaliano hawakuwa tena na kikosi cha kuanzisha shambulio kutoka juu.

Miaka 36 baadaye, vita vya Ogaden kati ya Somalia na Uhabeshi vilitoa ushahidi unaofanana. Mwaka 1977 Somalia ilikuwa na MiG-21, yenye kasi kubwa kuliko F-5E za Uhabeshi. Lakini marubani wa Uhabeshi walikuwa wamefunzwa kwa kina katika utaratibu wa Kimarekani, wakaongozwa na rada na kubeba makombora ya Sidewinder. Katika muda mfupi waliitawala anga. Mtu atasema rada na makombora navyo ni vifaa, na atakuwa amesema kweli. Ila vifaa hivyo vilihitaji watu waliozoea kuvitumia kwa pamoja, na kasi ya MiG pekee haikufidia upungufu huo.

Kwa Kenya funzo hili lina uchungu wake. Vikosi vya ndege za kivita vilivyoruka kutoka ardhi yetu 1940 na 1941 vilikuwa vya marubani Wazungu, huku askari wa King's African Rifles wakienda kwa miguu na malori chini yao. Ukoloni haukuwanyima Waafrika ndege tu. Uliwanyima saa za kuruka, ambazo ndizo mbegu ya uzoefu. Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa tarehe 1 Juni 1964, ndege zilipatikana mapema, lakini wakufunzi, mafundi na mazoea ya kazi yalihitaji kujengwa mtu kwa mtu. Hiyo ndiyo historia inayostahili kuhifadhiwa kwa bidii. Ndege kuukuu iliyowekwa juu ya nguzo inaonyesha tulinunua nini. Kilichotufanya tuweze kuitumia kimo katika vitabu vya kumbukumbu za safari, maelezo ya wakufunzi na ushuhuda wa mafundi walioitengeneza usiku. Waliojiunga miaka ya 1960 sasa ni wazee. Vyuo vyetu vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret, na hifadhi zetu za kumbukumbu vinapaswa kuwarekodi sasa, wakati bado wanaweza kueleza kwa vinywa vyao.