Shamba la Nani? Wanawake wa Masasi na Newala katika Vita vya 1914–1918

Kila mwaka tarehe 25 Julai inapokaribia, Siku ya Mashujaa, hurudi sentensi ileile katika hotuba na makala: wanaume walikwenda vitani, wake zao wakabaki kutunza mashamba ya waume zao. Husemwa kwa nia njema, kwa kuwa msemaji anataka mwanamke naye akumbukwe. Ugomvi wangu ni na maneno matatu tu, "ya waume zao". Pengine nchini yanaweza kupita. Ukiyapeleka Lisekese, upande wa Masasi, au ukapanda nayo Uwanda wa Makonde hadi Newala, hayasimami. Na yakianguka, hadithi nzima tuliyozoea kuhusu vita vile katika kusini inahitaji kuandikwa upya.

Sababu inajulikana kwa yeyote aliyezaliwa huko. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa tumbo la mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Kijana alipooa, kwa kawaida alikwenda kuishi ukweni, akajenga huko, akafyeka huko, huku wakwe wakimtazama kama ni mtu wa kazi au wa maneno. Ardhi aliyoifyeka ilikuwa ya watu wa mkewe. Ndoa ikivunjika, aliyefunga mizigo ni yeye. Mke alibaki palepale, na jembe lake, karibu na mama yake na dada zake.

Kuna chanzo kimoja ambacho waandishi wa historia ya vita hawakigusi, labda kwa kuwa ni ngano wala hakitaji bunduki. Mwanzoni mwa karne ya 20 padre Mjerumani, Alfons Adams, alichapisha kitabu kuhusu Lindi na bara lake, na ndani yake akaweka simulizi ya asili ya Wamakonde. Palikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini, hajawahi kuoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nje ya makazi yake. Usiku ikawa mwanamke. Wakakaa karibu na maji, mtoto wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahamia penye mwinuko, wa pili naye akazaliwa mfu. Walipopanda juu kabisa, penye kichaka kizito, mtoto wa tatu akaishi. Mama huyo ndiye aliyewaachia watoto wake sheria: wasijenge mabondeni, na maiti wazikwe wamesimama, kwa kumbukumbu ya yeye aliyesimamishwa.

Wengi huitaja simulizi hii kwa ajili ya sanaa ya uchongaji, ambayo imewapa Wamakonde jina duniani. Mimi naisoma kama hati ya ardhi. Anayeamua watu wakae wapi, walime wapi na wazikwe vipi ni mama. Mwanamume amechonga, amefanya kazi yake, kisha simulizi haimtaji tena. Sidai kwamba ngano ni ushahidi wa mahakamani. Lakini watu wanaojieleza hivyo hawawezi kuelezwa kwa sentensi ya "shamba la mume".

Kwa wageni wengi walioona mwanamke kainama na jembe na mwanamume kaketi barazani, wakaandika kuhusu uvivu wa huyu na utumwa wa yule, sina subira. Hawakuuliza msimu gani, wala kazi gani imekwisha kufanywa na nani. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyepita Masasi, Chingulungulu na Newala mwaka 1906, walau alikaa wiki kadhaa, akatazama wanawake wakifinyanga vyungu, akaeleza kile kichaka cha uwandani kinachosongamana mpaka mtu hapiti bila panga. Alikuja na upungufu wake, lakini kichaka alikielewa, na kichaka ndicho ufunguo.

Shamba la uwandani lilianza na kufyeka. Kipande kikilimwa miaka michache kiliachwa kipumzike, kikarudi kuwa msitu wa miti myembamba iliyobanana. Kukirudia kulitaka nguvu za wanaume: panga, shoka, siku nyingi za jasho kabla moto haujawashwa. Kupanda, kupalilia na kuvuna kulikuwa zaidi mikononi mwa wanawake, pamoja na maji, ambayo uwandani hayapo. Yalifuatwa chini kwenye miteremko, mtungi kichwani, mwendo wa saa nyingi. Hivyo swali la haki si nani alitunza shamba mume alipoondoka. Kulitunza lilikuwa jambo la mke na mama yake tangu zamani. Swali ni nani alifyeka.

Hapo tufungue kalenda, jambo ambalo sijaona wanahistoria wa vita wakilifanya. Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kufyeka na kuchoma hufanyika kiangazi, mpaka Oktoba, ili mvua ya kwanza ikute mbegu ardhini. Sasa weka tarehe za majenerali juu ya kalenda hiyo.

Wareno waliingia vitani Machi 1916, wakavuka Ruvuma Septemba, wakaichukua Newala Oktoba. Wajerumani wakawazingira. Kilichowashinda Wareno ngomeni si risasi peke yake; walikatiwa maji. Yale yale ya bondeni ambayo mwanamke wa Newala aliyafuata kila siku yakawa mahali pa kuuana, na mwishoni mwa Novemba ngome ikatolewa. Katika vitabu hili ni tukio dogo la mpakani, lenye kurasa mbili tatu. Kwa watu wa uwandani lilikuwa ni kiangazi kizima cha kufyeka kilichopita huku wanaume wakikimbilia vichakani wasikamatwe upagazi, na wanawake wasijue kama njia ya maji leo ina Mreno au Mjerumani.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, katika bonde la Lukuledi, katika pigano la umwagaji damu mkubwa kuliko yote ya kampeni ya Afrika Mashariki. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu wao wapatao 4,900 kwa kuuawa au kujeruhiwa. Kisha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma kupitia Chiwata na Nambindinga, akapanda uwandani. Huko alikosa dawa, akakosa chakula, akakosa maji, akaacha nyuma wagonjwa na wachovu kwa mamia, akachagua wenye nguvu. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma penye Ngomano akiwa na Wazungu wasiozidi 300, askari kama 1,700, na maelfu ya wapagazi, wake za askari na watoto.

Oktoba na Novemba tena. Mara mbili mfululizo vita vilikaa juu ya wiki zilezile ambazo mwaka mzima wa chakula unategemea. Wanaosifu ujanja wa Lettow-Vorbeck, na wako wengi mpaka leo, husema jeshi lake "liliishi kwa nchi". Nchi haina kihenge. Mwenye kihenge ni mwanamke aliyevuna mtama Juni akauweka akiba mpaka mvua. Kila siku jeshi lile liliposhiba katika bonde la Lukuledi lilishiba kwa mbegu za mtu, na Waingereza waliolifuata nao walikuwa na matumbo. Sioni ujanja wowote wa kusifu hapo. Wanaotetea "vita vya kiungwana" vya Afrika Mashariki wakae kwanza na hesabu ya mtama.

Wala wanaume walioondoka hawakuondoka wote kama askari. Wengi walichukuliwa kubeba. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake yanakaribia 100,000, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya jeshi hilo la mizigo. Mke wa mpagazi hakuwa na barua wala tarehe ya kurudi. Alikuwa na kipande cha zamani kilichochoka na kichaka asichoweza kukifyeka peke yake.

Alifanya nini? Hapa nasoma kutokana na mazao yenyewe. Muhogo huvumilia udongo uliochoka, hauhitaji kipande kipya kila mara, na huweza kungoja ardhini mwaka na zaidi. Mtama ulio kihengeni hubebwa kwa siku moja na askari kumi. Muhogo ulio ardhini, katika vipande vidogo vilivyotawanyika ndani ya kichaka, inabidi uchimbwe shina kwa shina, na anayejua ulipo ni aliyeupanda. Simulizi ya mama wa kwanza ilikuwa imewafundisha Wamakonde kukaa mbali na maji na mbali na njia. Mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 yalikuwa yamethibitisha fundisho hilo. Mwaka 1917 kichaka kile kilichomnyima mwanamke shamba jipya ndicho kilichomficha na muhogo wake. Methali ya tembo na nyasi hunukuliwa mno tunapofika hapa, nami siitaki. Nyasi hazichagui zao la kupanda.

Kuna wenye hoja ya upande wa pili, na hawa nawasikiliza kwa heshima, kwa sababu wanaijua nchi. Wanasema ukoo wa mama haukuwa utawala wa mama. Ni kweli. Mkulungwa, yaani mkuu wa makazi, alikuwa mwanamume, na aliyegawa ardhi kwa jina la ukoo alikuwa mjomba au kaka. Tena si kila ndoa ilibaki ukweni. Kwa Wamakonde hasa, mume aliyekwisha kutumika miaka kadhaa aliweza kumhamishia mkewe kwa wajomba zake, na huko mke alilima ardhi ya watu wengine. Hoja zote mbili nazikubali, nazo zinanipeleka mbele zaidi. Kwanza, mke wa aina hiyo ya pili alikuwa na pa kurudi: kwao. Mumewe akichukuliwa, hakukuwa na sheria ya kumfunga kwenye ardhi ya wajomba wa mume. Pili, ukisema mjomba na kaka ndio wenye neno la ardhi, basi hasara kubwa ya vita kwa mwanamke haikuwa mume. Ilikuwa kaka. Mume angeweza kupatikana mwingine. Kaka wa tumbo moja aliyefia njiani na mzigo kichwani aliondoka na sauti ya dada zake wote barazani, na wapwa wakabaki bila mjomba. Sijaona mnara wala makala inayomtaja dada wa mpagazi. Zote zinamtaja mjane.

Mafua makuu ya 1918 yalimaliza kazi ambayo vita viliianza, kisha Mwingereza akaketi.

Miaka iliyofuata naipita haraka, si kwa kuwa haina uzito. Kutokuwapo kwa wanaume kukawa jambo la kawaida hata bila vita: walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Lindi na Tanga. Vita vya pili viliwachukua tena vijana wa Tanganyika, wengine wakafika Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944, lakini safari hii jeshi halikupita juu ya mashamba ya Masasi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vya 1964 hadi 1974 vilirudisha mabomu na wakimbizi kwenye Ruvuma, na operesheni ya vijiji ikawahamisha watu. Hayo yanahitaji makala yake.

Lakini jambo moja la baada ya 1945 lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililozaa ile sentensi ya hotubani. Ni mkorosho. Ulienea uwandani na Masasi katika miaka hiyo, na mti una tabia tofauti na mtama: hudumu miaka mingi, huleta fedha, na ni wa aliyeupanda hata kama ardhi ni ya wengine. Wanaume walipanda. Mume aliyekuwa mgeni ukweni sasa alikuwa na miti ukweni, akataka iende kwa wanawe badala ya wapwa zake, na ugomvi wa urithi kati ya watoto na wapwa ukaingia mabarazani. Baada ya kizazi kimoja au viwili, "shamba" katika kinywa cha watu likawa ni shamba la mikorosho, na shamba la mikorosho likawa la baba. Mjukuu anapoambiwa bibi alibaki na shamba mwaka 1917, macho yake yanaona mikorosho ya babu. Mwaka 1917 babu hakuwa na shamba hapo. Alikuwa na panga, na kazi, na mke aliyemkaribisha.

Kwa hiyo nawaomba wanaotayarisha maonyesho na vitabu vya kumbukumbu za vita kusini: msiandike tena "mashamba ya waume zao" bila kuuliza. Na ninyi mnaotoka Lisekese, Chiwata, Lulindi, Mahuta au Newala, mkiwa bado na bibi anayekumbuka maneno ya mama yake, mkae naye msimu huu wa palizi. Msianze kwa kumwuliza babu alipigana wapi. Mwulizeni kipande kile kilikuwa cha nani kabla ya mikorosho, nani alikifyeka mara ya kwanza, na kaka zake mama yake walikuwa wangapi kabla ya vita na wangapi baada yake. Andikeni majibu kwa lugha yake mwenyewe, Kimakonde, Kimakua au Kiyao, kabla ya kuyageuza Kiswahili.