Kutoka gari la farasi hadi kilo mbili: historia ya mashine ya vumbi na mgongo wa mama

LUHWINDJA – Katika usultani wa Luhwindja, teritwari ya Mwenga, jimbo la Kivu ya Kusini, mgongo ndio gari la kwanza. Akina mama wanapanda na kushuka milima na muhogo, makala, kuni, hata mawe, kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Wakifika nyumbani, mgongo huohuo unainama tena juu ya fagio fupi la majani.

Vita na taabu zimetawanya jamaa nyingi za Kivu. Wengine wako Bukavu, wengine Burundi na Uganda, na wengine wamepokelewa Marekani na Ulaya. Kule ng'ambo nyumba nyingi zina zulia lililogandishwa sakafuni, ambalo huwezi kulitoa nje ulipige fimbo. Ndipo ulizo linakuja: mama aliyebeba mizigo miaka thelathini, na leo kiuno kinamkataa, anunuliwe mashine gani ya kufyonza vumbi, ile ambayo Bukavu wanaiita aspirateri? Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya historia ya mashine yenyewe.

Kunako mwaka 1901, mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kuvuta vumbi. Haikuwa kitu cha kubebwa. Iliendeshwa kwa mota ya petroli, ikavutwa na farasi, ikasimama barabarani huku mipira mirefu ikiingizwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey, London, kabla ya Mfalme Edward VII kutawazwa. Ilikuwa mashine ya matajiri, na kazi ilifanywa na watumishi.

Mashine ndogo ilitoka kwa mtu aliyeumia kazini. James Murray Spangler alikuwa mfagiaji wa duka kubwa huko Canton, Ohio, Marekani. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na vumbi la zulia lilimkaba kila siku. Mwaka 1907 alichukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akaviunganisha. Mwaka 1908 akapata hati ya uvumbuzi, kisha akaiuza kwa William Henry Hoover, mfanyabiashara wa vitu vya ngozi. Jina la Hoover likajulikana dunia nzima. La Spangler wachache wanalikumbuka. Hata hivyo, mashine yake ilikuwa na mpini mrefu, mtu akafanya kazi akiwa amesimama wima.

Mwaka 1921 kampuni ya Electrolux ya Uswidi ilitoa mashine iliyolala chini na kuteleza kama mtumbwi. Tangu hapo uzito ukabaki sakafuni, na mkono ukashika bomba tu. Mwaka 1979 Black & Decker wakatoa kifyonza kidogo cha mkono kisicho na waya. Betri za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, ndizo baadaye zilizowezesha mashine za fimbo za leo, nyingi zikiwa na kilo mbili hadi tatu tu.

Urefu wa mpini si jambo dogo. Huko California, wafanyakazi wa mashamba walilazimishwa kulima kwa jembe la mpini mfupi, wameinama kutwa nzima. Madaktari walieleza jinsi migongo ilivyoharibika, na mwaka 1975 mahakama kuu ya jimbo ilifungua njia ya kulipiga marufuku. Kosa halikuwa mgongo wa mkulima. Kosa lilikuwa chombo.

Basi, mwenye kununua aangalie haya. Kwanza, mpini ufike kiunoni mtu akiwa amesimama wima; wenye kurefushwa ni bora. Pili, aulize uzito uko wapi. Mashine ya fimbo ni nyepesi, lakini nyingi zina mota juu, karibu na mkono, na kifundo kinachoka. Ile ya kuburuta haichoshi mkono, lakini ikiwa na kilo tano au sita na nyumba ina ngazi, kuipandisha ni mzigo mwingine. Tatu, chombo cha vumbi kifunguke bila kuinama sana. Nne, asidanganywe na wati. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 mwaka 2014, ukashusha hadi 900 mwaka 2017, na nyumba zikaendelea kuwa safi. Mashine kuukuu ya wati nyingi inaweza kuwa nzito na kumaliza umeme bure.

Namna ya kutumia nayo ina uzito wake. Miguu isogee pamoja na mashine. Usinyooshe mkono mbali huku kiuno kikijipinda. Chumba kimoja leo, kingine kesho.

Kwa waliobaki Luhwindja, au waliohamishiwa Cinjira kwa ajili ya mgodi wa Twangiza, mambo ni mengine. Sakafu ni udongo au sementi, na umeme wa kutegemea haufiki kwa wengi. Mwenye jamaa ng'ambo asitume mashine itakayokaa pembeni bila kazi. Atume pesa ya fagio la mpini mrefu na kizolea taka chenye mpini mrefu. Anayejua kuchonga anaweza hata kufunga fagio la majani kwenye mti mwepesi wenye urefu wa kufika kifuani.

Lakini hakuna chombo kinachotibu kila mgongo. Maumivu yakija na homa na kukonda, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinatibika. Miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo ukishindwa kuzuilika, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Spangler alikuwa mfagiaji, si tajiri wala mwanachuo. Alikataa kuamini kwamba kuumia ni sehemu ya kufagia. Akina mama wa Luhwindja nao wana haki ya kukataa.